Bandari ya Kina Kirefu, Kibosho

Kapteni Valerian hakuwahi kuwa kapteni wa kitu chochote kinachoelea. Nalisema hili mapema ili msije mkampigia saluti bure.

Alirudi Kibosho mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupita vichochoroni na mizani zao, kila mmoja akiapa kwamba mizani ya mwenzake imechezewa. Kazi zilikuwa zimepunguzwa kila mahali, na watu walikuwa wanarudi kutoka mijini kwa makundi. Wengine walirudi na cherehani, wengine na magodoro, mmoja alirudi na mke ambaye mke wa nyumbani hakuwa na habari naye. Valerian, mtoto wa marehemu kaka yangu, alirudi na kofia.

Ilikuwa nyeupe, ukingo mweusi, na mbele ina nanga ya rangi ya dhahabu. Aliivaa akienda kukata majani ya ng'ombe. Aliivaa kanisani mpaka padre akanyamaza katikati ya mahubiri akamtazama. Choo chake hakikuwa na paa, basi asubuhi ukipita njiani unaiona ile kofia imetulia juu ya ukuta kama meli inayongoja zamu yake.

Mimi ni shangazi yake. Napika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na watu wanainywea uani kwangu, kwa hiyo kila upumbavu unaosemwa upande huu wa mlima lazima upite mbele yangu kabla haujaenda kulala. Wa Valerian ulikuwa unakuja jioni, unakaa kwenye kiti changu kizuri, unaagiza, halafu unafundisha.

Somo lake lilikuwa moja tu, bandari. Wazee waliokuwa hawajaona maji mengi kuliko mto Weruweru uliofurika walikaa wakamsikiliza midomo wazi, na nzi wakafaidi.

"Ninyi watu wa bara mnadhani bandari ni maji," alikuwa akisema. "Maji ni nini? Bahari yote ina kina. Nenda katikati, zamisha kanisa la hapa na mnara wake, hamtaona hata msalaba. Lakini hapo ni bandari? Si bandari. Bandari haihesabiwi kwa kina cha katikati. Inahesabiwa kwa kina cha pale meli inaposimama, ubavu umegusa gati, na kwa kina cha mlango inapoingilia. Meli imeshiba mzigo, maji yamekupwa, na bado inapita mlangoni, inasimama gatini, haigusi chini. Hiyo ndiyo unaita bandari ya kina kirefu. Ikishindwa, inabaki nje imetia nanga, mizigo yake inafuatwa na matishali."

Hapo mtu lazima aulize tishali ni nini, na Valerian anapenda aulizwe. Anaeleza kwamba ni chombo bapa, hakina injini wala heshima, kinavutwa mpaka huko nje kwenda kumtua mzigo mkubwa aliyeshindwa kuingia. Pale Tanga walikuwa wanafanya hivyo, meli nje, matishali yanakwenda na kurudi, na yeye Valerian, kwa maelezo yake mwenyewe, akisimama juu kabisa akiamuru nani aje na nani angoje.

Lilikuwa somo zuri. Hata mimi nilielewa, na mimi niliishia darasa la nne. Ubaya wake ni kwamba siku zote lilipofundishwa, mwalimu mwenyewe hakuwa darasani.

Halafu kuna jambo lingine ambalo nilikuwa nalijua mimi peke yangu. Wakati bado yuko kazini niliwahi kwenda Tanga kumpelekea habari ya msiba. Nilimuulizia Kapteni Valerian pale nje, watu wakanitazama, nikamuulizia Valerian Mchaga, wakanionyesha. Alikuwa mlinzi wa geti. Filimbi shingoni, mkono kwenye ule mti unaoinuliwa na kushushwa malori yakipita. Kazi ya halali kabisa, na aliifanya vizuri, hakuna lori lililomgonga. Aliponiona alisahau kushusha ule mti, akaninunulia soda ya baridi, akaniambia kwa sauti ndogo, "Shangazi, huko nyumbani wanajua niko melini."

Nikamwambia, baba, kwani mimi nimeona nini? Nikanywa soda yangu. Kitu cha namna ile hakisemwi. Kinawekwa darini pamoja na mbegu ya ulezi, kinangoja mwaka wa shida.

Mwaka wa shida ukaja, na wa kupata shida akawa Hilda.

Hilda alikuwa mke wa Jovin, mdogo wake Valerian. Jovin alifariki akamwacha na mabinti tu kwenye kihamba kilicho chini kabisa, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, pale barabara inapopita. Jovin mwenyewe amelala humohumo, kati ya migomba, kama baba yake na babu yake. Kwa desturi zetu mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kuambiwa arudi kwao, na kwao Hilda ni Uru, si mbali, lakini kwa mtu anayefukuzwa hata ng'ambo ya mto ni mbali. Ukoo ulipokaa baada ya matanga ulisema atabaki, maadamu kihamba kinatunzwa. Basi alikitunza. Alikuwa na kabichi, karoti na figiri anazopeleka Mbuyuni sokoni, na migomba yake ilikuwa minene mpaka watu walisema ana dawa. Dawa yenyewe ilikuwa samadi na kutolala.

Valerian alikuwa na kihamba chake cha urithi, huku juu, kimejaa magugu ya sangari hadi magotini. Hakukitaka. Alikitaka cha Hilda kwa sababu kiko barabarani. Ilikuwa ndiyo miaka ya kila mtu kuwa mfanyabiashara, na yeye alitaka kujenga baa yenye vyumba vya wageni nyuma. Jina alikuwa ameshalipata: Bandarini. Akawa anawaambia watu uani kwangu, mbele yangu, kwamba Krismasi vijana wote wakiwa wamepanda kutoka Dar na Arusha, ukoo utakaa utakitazama kile kihamba, na kama mwanamke ameshindwa kukitunza basi ameshindwa, atafutiwe lori la kumrudisha Uru.

Wakati anaanza kusema hayo, kihamba cha Hilda ndicho kilikuwa kijani kuliko vyote. Nilimjibu kwamba lori hilo labda liwe la kubebea kabichi. Watu wakacheka, akacheka na yeye. Sikujua kwamba anangoja kiangazi, na kwa haki ya Mungu sidhani hata yeye alijua. Mtu mwenye akili angeyapanga yale. Valerian yalimtokea tu.

Mfongo wetu unatoka juu msituni. Ni mfereji waliochimba mababu, na maji yake si mengi. Ukiyaachia yateremke hivyohivyo, ardhi inayanywa njiani na wa chini hapati hata ya kunawa. Ndiyo maana kuna nduwa. Nduwa ni bwawa dogo: maji ya mfongo yanaingia usiku kucha yanakusanyika, asubuhi wanazibua mdomo wake, yanatoka kwa pamoja na nguvu, yanafika mpaka vihamba vya chini. Wenye mashamba ya juu wanachota kabla ya nduwa. Wa chini, Hilda akiwa wa mwisho, wanaishi kwa ule mdomo.

Mwanamke hakanyagi nduwani. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko kanisa. Wanaume wanapokwenda kuisafisha kila mwaka, sisi tunabeba mbege mpaka penye masale, majani marefu yaliyopandwa kuwa mpaka, tunaitua hapo, tunarudi. Wanasema maji yana wivu. Mimi nasema wanaokaa kule juu ndio wenye jambo la kuficha, lakini nani ananiuliza.

Mwaka ule wanaume walipokwenda kusafisha, Valerian alisimama kwenye ukingo na kofia yake akawahutubia. Habari zote nilizipata jioni yake, maana mwanaume akishiba mbege hana desturi. Aliwaambia nduwa hii ndiyo bandari yetu, na ni aibu bandari kuwa na kina cha kiuno. Akawauliza kama wanataka kuitwa watu wa tishali. Wakasema hawataki. Wengi wao walikuwa hawakumbuki tena tishali ni nini, lakini kwa jinsi alivyolitamka waliona ni tusi.

Wakachimba. Waliifumua sakafu ya udongo wa mfinyanzi ambayo babu zao waliikanyaga kwa miguu mpaka ikashikamana kama chungu, wakaitupa nje, wakaendelea kushuka. Hata kaka yangu Thadeus, mkubwa wa ukoo na ndiye anayeangalia mfongo, mtu wa kujiheshimu, alivua koti akachimba. Walishuka mpaka ukisimama ukingoni unaona vichwa tu, halafu vichwa navyo vikazama. Maji yalipoingia wakakaa kuizunguka wakaitazama siku nzima kama wameizaa. Mmoja alitupa kipande cha mgomba aone kinaelea. Kikaelea. Wakapiga makofi.

Mdomo wa nduwa hawakuugusa. Ulibaki palepale walipouweka mababu, kwenye usawa wa sakafu ya zamani, na sasa sakafu ilikuwa huko chini kabisa. Hakuna aliyeuliza. Yule aliyewafundisha jioni baada ya jioni kwamba bandari ni mlango ndiye aliyekuwa amesimama karibu yake, kauegemea.

Kiangazi kikaja kikakaa. Vuli ikakataa. Mfongo ukakonda ukawa kama mkojo wa mbuzi. Usiku kucha maji yanaingia nduwani, mchana ile ardhi iliyofumuliwa inayanywa, usiku yanajaza tena kilichonywewa, na asubuhi wakizibua mdomo yanatoka machozi mawili matatu kisha basi. Hayafiki popote. Wa juu hawakuona shida, wao wanachota kabla. Na waliokuwa na macho ya kuona walikuwa wamechimba kwa mikono yao wenyewe, wakapiga makofi kwa mikono hiyohiyo. Ungekuwa wewe ungesema?

Hilda alikuwa anaamka alfajiri anasimama kwenye mfereji wake na jembe, anangoja zamu yake ya maji, mpaka jua linapanda. Kabichi zikaenda kwanza. Halafu figiri. Halafu majani ya migomba yakaanza kujikunja, na mgomba ukijikunja hapa kwetu ni kama mtu amegeuza uso ukutani.

Valerian naye alikuwa na sababu. Alikaa kwenye kiti changu akasema kwamba kwenye maji mengi kiasi kile, kukauka namna ile si kwa kawaida. Kuna mwanamke amepita nduwani. Hakumtaja. Alitazama tu upande wa barabarani, na wengine wote wakatazama hukohuko kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko kutazamana.

Hilda akanijia jikoni. Hakulia. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

"Shangazi, wanasema nimepita nduwani."

"Umepita?"

"Sijui hata iko upande gani wa ule mti mkubwa wa huko juu."

"Basi kaa chini ule."

"Krismasi watakuja kukitazama kihamba. Watakuta nini? Jovin nimemlaza pale kwenye kivuli, shangazi. Sasa hivi amelala juani."

Nikampa ndizi. Alipoondoka nilikaa nikafikiri, na kesho yake mbuzi wangu akapotea.

Hakuna desturi inayomkataza mwanamke kumtafuta mbuzi wake, na mbuzi wangu ana tabia ya kupotelea pale ninapotaka kwenda. Nilimfuata mpaka kwenye masale, na mbele ya masale kidogo, na mbele kidogo tena. Nikaiona bandari. Maji ya kijani, vyura wameshamiri, mdomo uko juu mkavu unayatazama maji, na maji yako chini yanautazama mdomo. Mbuzi hakuwepo. Mbuzi alikuwa amefungwa nyumbani. Nilicheka peke yangu mpaka vyura wakanyamaza.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda moja kwa moja kwa kaka yangu nikamwambia. Ningemwambia, swali la kwanza lingekuwa nimejuaje. Wangeacha habari ya maji, wakashika habari ya miguu yangu, na Hilda angefukuzwa kwa dhambi mbili badala ya moja. Wanaume waliochimba shimo la bure huwezi kuwaonyesha shimo. Inabidi waonyeshane wao.

Nikateremka Njoro kwa Primus, fundi wa bomba, nikiwa na pipa langu la plastiki. Kwa kawaida mbege tunaichota kwa kata kutoka juu, lakini nilimwambia nataka koki, mambo ya kisasa, nina wageni wa Dar. Primus akaligeuza pipa akaanza kupima chini karibu na kitako. Nikamwambia hapana, weka katikati. Juu kidogo ya katikati. Akaniambia, mama, mbege ya chini haitatoka. Nikamwambia najua. Akaniuliza kama nimeanza kuumwa kichwa siku za karibuni. Nikamwambia toboa.

Krismasi ilipopita, ukoo ulikaa uani kwa Thadeus. Vijana wa Dar walikuja na suruali zenye mikunjo na simu ya mkononi moja kubwa kama tofali, ambayo haikushika mtandao lakini ilishikwa. Walikwenda kwanza kukitazama kihamba cha Hilda. Walirudi wana vumbi viatuni. Valerian alikuwa nyuma yao, kofia imepigwa dawa ya viatu ukingoni.

Mbege niliileta mimi. Nilionja ya kwanza mbele ya watu kama inavyotakiwa, nikafungua koki, na duru ya kwanza ikatoka vizuri. Walisifu koki. Hakuna mwanamke mwingine Kibosho mwenye koki, wakasema.

Valerian akasimama akatoa shauri lake. Alisema kwa huzuni, kama daktari. Alisema hana chuki na shemeji yake, lakini wote wameona kwa macho yao. Wanaume wa ukoo huu wametoa jasho, wamechimba bandari ya kina kirefu, maji yamejaa mule mtu anaweza kuzama, na bado kihamba cha chini kimekauka. Mwenye kosa ni nani? Si maji. Si waliochimba. Waliochimba wakaitikia kwa vichwa. Hilda alikuwa amekaa chini nyuma ya wanawake wengine, mikono mapajani, anatazama mikono yake.

Kwenye ukoo wetu shauri la ardhi halifungwi kwa maneno. Aliyelitoa anakunywa kata moja pamoja na mkubwa wa ukoo, mbele ya wote, na hapo limekwisha, hata Mungu hakati rufaa. Thadeus alimtazama Hilda, akatazama chini, akanyoosha mkono kwangu kuomba kata.

Nikafungua koki. Likatoka tone. Likatoka jingine. Likaisha.

Watu wakangoja. Nikafungua mpaka mwisho, nikapuliza, nikatikisa, nikafanya yote anayofanya mwanamke mjinga mbele ya kitu cha kisasa. Valerian akasogea.

"Shangazi, mbege imekwisha?"

"Haijaisha, baba. Gonga."

Akagonga pipa. Likaitika kwa sauti nene, ya kushiba.

"Imo nusu pipa humu," akasema. "Fungua vizuri."

"Nimefungua yote."

Akainama, kofia ikamteleza mpaka puani, akaisukuma juu. Akaitazama koki, akatazama kitako cha pipa, akaitazama tena koki. Yule mtu alikuwa na kiu, alikuwa na kihamba karibu mkononi, na alikuwa amezoea kufundisha.

"Nani amekuwekea koki huku?" akaniuliza, kwa sauti ya kusikika na wote. "Umetapeliwa. Hii ya chini itatokaje?"

"Lakini iko nyingi, baba. Pipa lina kina. Si wewe ndiye uliyetufundisha kina?"

"Kina cha nini kama hakifiki mlangoni? Hata ulichimbe pipa mpaka kuzimu, kilicho chini ya koki ni cha bure. Hilo hata mtoto mchanga analijua."

Nilikaa tu na kata mkononi, tupu.

Aliyecheka kwanza alikuwa kijana mmoja wa Dar, ambaye hakuwepo siku ya kuchimba na kwa hiyo hakuwa na cha kulinda. Alikuwa ameisikia habari ya bandari tangu asubuhi mpaka imemchosha. Halafu nikaanza kuwaona waliochimba wakiifikia maana yake, mmoja mmoja, kama watu wanaopanda kilima kwa mwendo tofauti. Mmoja alishika kidevu. Mwingine aligeuka akatazama juu upande wa nduwa. Mwingine alianza kujikuna. Mwisho akafika kaka yangu Thadeus, na alipofika alishusha fimbo yake chini taratibu.

"Valerian," akasema. "Mdomo wa nduwa tuliushusha?"

"Mdomo gani, baba mkubwa?"

"Nduwa ina mingapi?"

Valerian alikuwa ndiye wa mwisho kabisa kufika. Nilimwona akifika. Ilikuwa kama kumtazama mtu anayekumbuka ameacha sufuria jikoni na yeye ameshafika Moshi.

"Mdomo ni wa mababu," akasema.

"Mababu walikuwa na nduwa ya kina cha kiuno, na mdomo wakauweka chini kabisa. Sisi tuna bandari, na mdomo umebaki hewani." Thadeus alisema sisi, hakusema wewe, na ndiyo maana yeye ni mkubwa wa ukoo na mimi napika mbege. "Tumemkausha mjane, halafu tumemtafutia dhambi."

Valerian akatafuta pa kutokea, na kama kawaida yake akaenda pasipo na mlango.

"Shangazi amejuaje?" akasema. "Mwanamke anajuaje mdomo wa nduwa ulipo? Muulizeni. Amekwenda nduwani huyu."

Wakanigeukia wote.

"Mimi nimeleta pipa," nikasema. "Habari ya mlango mmeisikia kwa Kapteni."

Ikawa kweli. Hakuna aliyeweza kukumbuka nimetamka neno nduwa. Nilimsogelea Valerian kama nampangusia vumbi begani, nikamwambia sikioni, yeye peke yake: "Baba, mtu aliyekaa getini miaka yote ile, na wewe ndiye wa kusahau mlango?"

Akaivua kofia. Sijui kama alikusudia. Aliishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nikaona amepata upara.

Kata ilinywewa, lakini si naye. Thadeus aliniambia nifungue mfuniko wa pipa nichote kutoka juu kama mama yetu alivyokuwa akichota. Akamwita Hilda kutoka nyuma ya wanawake, akanywa nusu, akampa nusu, na akasema kihamba kile hakitaulizwa tena na mtu yeyote, siku ya leo wala siku ya mabinti zake. Vijana wa Dar wakaitikia. Hilda alikunywa yote bila kuvuta pumzi, akanirudishia kata.

Kwa Valerian ilisemwa hivi: atashusha mdomo wa nduwa mpaka sakafuni, na mfereji wa chini yake, kwa jembe lake mwenyewe. Hatapigiwa mtu mbiu ya msaragambo, ile kazi ya pamoja, kumsaidia. Na akimaliza atapeleka isale kwa Hilda.

Alichimba. Nilikuwa nikipeleka mbege mpaka penye masale, naitua hapo, nasikiliza jembe. Kofia ilikuwa imetundikwa kwenye tawi, ndege wakaitumia wanavyojua wao. Siku aliyozibua, maji yalishuka yakapita uani kwangu yakiwa mekundu na povu, yakaenda mpaka chini kabisa, na Hilda alikuwa amesimama kwenye mfereji wake na jembe kama kawaida. Yalimkuta miguuni. Aliyaelekeza kwenye migomba, na mahali pa kwanza alipoyaelekeza ni pale alipolala Jovin.

Habari ya isale wenzangu wa huku mnaijua. Ni lile jani refu la mpakani. Mtu akikukosea akikuletea jani hilo limefungwa fundo, huwezi kukataa kumsamehe, hata kama amekuulia ng'ombe. Valerian alilileta Jumapili baada ya misa, kichwa wazi. Nilikuwa nimekaa na Hilda tunachambua maharage. Alisimama pale njia ya kihamba inapoingilia, akakohoa.

"Hodi, shemeji," akasema.

Hilda hakuinua kichwa. Alichambua harage moja, akachambua jingine, akalitupa lililotobolewa.

"Shemeji, ngoja hapohapo," akasema. "Hapa kwangu mlango hauna kina cha meli kubwa. Tia nanga nje. Tishali linakuja kukutua mzigo."

Nikainuka. Magoti yangu siku hizi hayana injini, na heshima nilishaizoea kuikosa, basi nilifaa. Nikaenda polepole mpaka pale aliposimama, nikalipokea isale kutoka mkononi mwake, nikageuka, nikamletea Hilda. Akalipokea. Msamaha ulikamilika hapo, kwa desturi, haukuwa na shaka.

Nilipogeuka Valerian alikuwa bado amesimama nje, anangoja kukaribishwa ndani apewe kiti. Nikamwambia meli ikishatua mzigo, baba, inang'oa nanga.